Kuku Niliowatupa Mferejini

Sange, tarehe 9 Julai 2023

Mpendwa kaka Révérien,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baridi ya Lubumbashi inakutendeaje mwezi huu? Na mgongo, umeacha kukusumbua? Sisi tuko wazima, na mama anatembea mpaka kanisani bila fimbo.

Kuna jambo nilikuficha kwenye simu kwa haya. Mwezi wa pili joto liliniulia kuku thelathini kwa siku mbili. Niliwatupa pamoja na uchafu wa banda kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, nikidhani maji yatawapeleka mbali.

Siku ya tatu jirani yetu Mama Dorine alikuja na kuku aliyevimba, akamweka mlangoni.

"Noella, hii iko yako," alisema. "Miye nachota maji pale mferejini. Mjukuu wangu anaharisha tangu jana."

Sikukana. Nilimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, nikakaa naye mpaka akapata nafuu. Kisha nikaingia mferejini na jembe, watu wakitazama, nikawatoa kuku mmoja mmoja. Kaka, siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Étienne, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo wa ushirika wetu, hakunicheka. Alinisaidia kujenga kizimba cha mbao chenye paa, cha kuozeshea mizoga iwe mbolea. Tuliweka pumba za mpunga na uchafu wa banda, juu yake wale kuku waliokufa, halafu tukawafunika kabisa kwa uchafu mwingine na kunyunyiza maji kidogo. Baada ya siku nne nilichomeka chuma ndani. Nilipokitoa kilikuwa cha moto, hakishikiki. Harufu haikutoka, wala mbwa hawakuja kufukua.

Mwezi uliopita tulifungua. Udongo mweusi, laini, na vifupa vichache vinavyovunjika kwa vidole. Mama Dorine aliufinyanga mkononi muda mrefu.

"Weye ulikuwa unatupa mali mu maji," alisema, akatabasamu. Magunia ya kwanza yalienda kwenye migomba yake.

Uliniomba niuze kuku nije kuishi kwenu. Nakushukuru, kaka, lakini nabaki. Jumatatu tunaanza kizimba cha pili, na mbao tayari amezikata Mama Dorine.

Nisalimie wifi Laure na mtoto Divine. Mama anawaombea kila asubuhi. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,

Noella