Kilo Tisa si Miezi Tisa

Dada Wairimu,

Bwana asifiwe. Hujambo huko? Najua maumivu yamekuacha, lakini mkono umezoea kuuliza. Sisi tupo kwa neema tu, ila leo nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia.

Ile programu uliyotuandikia hapa kliniki ya kanisa, Riruta, wameiondoa. Kamati ilileta kijana kutoka ofisi moja ya Westlands, akatuambia, "Mama, hii yenu ya zamani ni korofi. Inagombana na mtu kabla hata ya kutafuta." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kugomba ilikuwa inagomba, kweli. Unakumbuka siku uliyoharakisha, ukaomba watoto waliopita miezi tisa, ukagusa uzito badala ya umri? Ilikataa papo hapo, bila kufungua kadi hata moja: uzito haulinganishwi na miezi. Ukasema, "Afadhali inigombeze mimi kuliko imwonee mtoto." Nikakwambia ni kama mama yangu kule dukani. Faneli ya mafuta ya taa aliifunga kwa waya kwenye debe lake, ili hata mtu mwenye usingizi asiitie kwenye mafuta ya kupikia.

Sasa sikia. Nekesa, msichana aliyekalia kiti chako, amekosea vile vile. Alikuwa anatafuta watoto waliopita miezi tisa na hawajachanjwa surua, tuwaite. Akagusa uzito. Mashine mpya haikusema kitu. Kwake tisa ni tisa. Ikatoa watoto waliopita kilo tisa, majina yamepangwa vizuri, nasi tukawaita hao. Unaona walioachwa, Dada? Wale wembamba. Wale wa kuugua kwanza. Mtoto wa Mama Achieng', mwaka mzima na kilo saba, amelazwa na surua kule hospitali kubwa. Leo anapumua vizuri, Mungu ni mwema, lakini nilimshika mkono, na mkono wenyewe... ni kama kidole changu.

Na kamati inasemaje? Mwenyekiti anasema mashine ilifanya ilichoambiwa, Nekesa aende nyumbani. Yule kijana anatingisha kichwa, eti kumbukumbu zote zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa, ndiyo. Swali ndilo halikuwa na maana. Chombo kinachopokea swali lisilo na maana na kulijibu kwa adabu, hicho ni cha kazi gani? Wewe ulikosea, mimi nimekosea, na hakuna aliyetufukuza, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kutushika mkono. Wamekitoa wenyewe, halafu wanamwadhibu msichana kwa kuanguka.

Jana baada ya ibada tulizunguka na Nekesa, ploti kwa ploti, mlango kwa mlango, tukiwatafuta wale wembamba. Tumewapata, ila mmoja ambaye wazazi wamehama. Bado tunauliza majirani.

Jumanne kamati inakutana. Nikiulizwa nisiulizwe, nitasimama. Kizungu chao sina, nitasema kwa Kiswahili: programu ya Wairimu irudi na Nekesa abaki, ama watafute mwingine wa kupima watoto. Hilo nakuahidi.

Pumzika, dada yangu. Kompyuta yako iko stoo, chini ya viti vya harusi, na hakuna anayejua neno la siri uliloifungia. Tafadhali nijibu mapema, hata ndotoni, kabla ya Jumanne.

Ni mimi,
Mama Muthoni wa mizani