Mgonjwa Akitoka Hospitali

Buffalo, Jumanne

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu huko Columbus. Bibi yako ni mzima, ila ananung'unika kwamba hupigi simu. Baba yako mdogo ametoka hospitali kule Louisville. Mshono wa upasuaji haujapona, naye Jumatatu anataka kurudi ghalani kubeba maboksi.

Umeniuliza kama ni kweli kwamba hospitali za Waislamu wa zamani zilitibu maskini bure, na nyingine zilimpa aliyepona nguo na posho ili asikimbilie kazi. Mimi Mkristo nililisikia hilo nikiwa kijana Uvira. Nilipasuliwa tumbo, na siku niliyotoka hospitali nikashika jembe. Mama Zaituni, jirani yetu Mwislamu, akaninyang'anya.

"Weye! Hospitali imekutoa, mimi bado!"

Akawa ananiletea wali na samaki, akisema ndivyo walivyofanya wazee wa dini yake: aliyepona hupewa pia nafasi ya kupumzika. Jembe alinirudishia nilipoweza kucheka bila kushika tumbo.

Kwa hiyo Jumapili nafika Louisville kwa basi, na unga wa muhogo. Mwambie baba yako mdogo viatu vyake vya kazi nitavikalia mimi, mpaka nimsikie akicheka vizuri.

Babu yako