Kigoda Kando ya Msumeno

Riruta, Nairobi
Alhamisi alasiri

Kwako dada yangu mpenzi Nzula,

Pokea salamu za mdogo wako, salamu zilizojaa mpaka zinamwagika. U hali gani huko Mbooni? Mama, mwaitu wetu, anaendeleaje na goti lake, na je, baba bado anagombana na mbuzi wa jirani? Watoto wako nao hawajambo? Kama nyote mko salama, mimi nimeshiba. Huku sisi tu wazima wa kusemekana. Kihara wangu angekusalimu, ila hajui bado kwamba ninakuandikia.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Unajua simu ya nyumbani ilivyo. Nikipiga, mwaitu anafungua sauti yote, anaiegemeza kwenye sufuria, na boma zima linakuja kusikiliza. Mara ya mwisho nilikuwa nakueleza jambo la siri nikajibiwa na yule mama wa kuuza mayai. Kivuva atapita hapa kesho na lori lake akirudi huko, naye ameapa kwa jina la mama yake kwamba ataweka barua hii mkononi mwako na si kwingine. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Dada, ndoa ni tamu! Leo ni miezi mitatu na siku tisa. Kihara akiamka hunitazama mimi kabla hajatazama simu, na hakuna mwanamke Nairobi nzima anayeweza kuniambia kitu baada ya hapo. Unakumbuka mlivyonitania kwamba fundi wa mbao ataniposa kwa nyundo? Huyu ana mikono migumu kama gome, lakini akinishika kidole naona kama nimeshikwa na pamba. Anapokata mbao hupiga mluzi. Nikiwa jikoni nasikia mluzi ule, nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Karakana yake iko nyuma ya vyumba vyetu viwili, ndani ya ploti ya mama mkwe, Mama Muthoni. Ni mabati tu yaliyoegemezwa ukuta, na mlango wake unafunguka karibu na jiko letu. Wiki ile ile ya harusi, kabla hajagusa kazi ya mteja, alinitengenezea kigoda cha mahogani. Alikipiga msasa siku mbili mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto, akakiweka kando ya msumeno wa meza, akaniambia hiyo ndiyo ofisi yangu. Nilikuwa nakaa hapo namsomea vipimo, namshikia ncha ya ubao, namsimulia mambo ya Mbooni. Alisema mafundi wengine wana redio, yake ina macho.

Na ananiita Muujiza. Sababu unaijua, ila niache niikumbuke tena. Ni ile Jumapili alipotuletea mabenchi mapya ya kanisa, akaombwa asubiri ibada iishe ndipo wayashushe. Mimi nikasimama mbele ya watu kushuhudia kwamba Mungu ameniondolea pumu iliyonitesa tangu utotoni, kwamba nimemaliza miezi minane sijagusa inhela. Wewe mwenyewe ndiye uliyeanzisha wimbo. Kihara husema alikuwa nyuma kabisa, futi ya kupimia bado inaning'inia kiunoni, akajiambia moyoni kwamba yule ni wake. Kwa hiyo dada, mapenzi yetu yalizaliwa siku ya ushuhuda ule.

Sasa nikueleze habari ya vumbi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wapangaji wa Mama Muthoni walianza kulalamika. Wakianika shuka jeupe wanaanua la rangi ya chai. Mama mkwe akamwita Kihara mbele ya watu wote, akamwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie, ati kama anataka kupaka watu poda afungue saluni. Tulicheka, lakini ujumbe ulifika. Ilibidi tununue mashine ya kuvuta vumbi.

Kihara alikuwa anafunga makabati ya jikoni kwa mzee mmoja wa Loresho anayeitwa Kisilu. Alikuwa mfanyakazi wa serikali, sasa amestaafu, na anachonga viti kwenye gereji yake kwa kujifurahisha tu. Kihara alirudi jioni macho yamemtoka, akanisimulia kwamba gereji ile ni safi kama meza ya Bwana. Yule mzee alimwambia kwamba vumbi unaloliona sakafuni si adui. Adui ni lile linalocheza kwenye mwanga wa dirisha, usiloweza kulishika, maana hilo ndilo linaloingia kifuani na kukaa. Akamwonyesha mashine yake, ambayo badala ya mfuko ina kichujio kama karatasi iliyokunjwakunjwa. Mimi nilikuwa nakoroga mchuzi. Nikasema polepole kwamba tununue ya namna hiyo. Kihara akasema tutaona.

Jumamosi iliyopita tukaenda Ngara, mimi nimevaa lile gauni langu la maua. Mwenye duka anaitwa Gichuru, ni mcheshi mpaka basi. Aliniita bibi harusi kabla hata hatujajitambulisha, akasema wanawake wasio maharusi hawavai hivyo kuja kuangalia mota. Alikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa kubwa, yenye mfuko mrefu wa kitambaa na nguvu ya kumeza maranda ya siku nzima. Ya pili ilikuwa na kichujio kama cha Mzee Kisilu, lakini mvuto wake ni mdogo, unaiunganisha na kifaa kimoja kwa wakati, na kila mara uuzungushe mkono wake kukung'uta kichujio. Gichuru alieleza kwa haki, hakutuficha. Alisema mfuko wa kitambaa unashika vipande vikubwa, ila vumbi jembamba kabisa linapenya na kurudi chumbani. Ndipo akauliza kama nyumbani kuna mtu mwenye shida ya kifua. Kama yupo, akasema, tuchukue ya kichujio bila kubishana. Kama hayupo, mfuko unatosha, na fundi mwenye oda ya milango atafurahia ile kubwa.

Dada, Kihara alinitazama kwa fahari ambayo sitaisahau. Akaniweka mkono begani, akawaambia Gichuru na wateja wote waliokuwa mle kwamba mke wake alikuwa na pumu, na Mungu akaing'oa na mizizi yake. Mama mmoja aliyekuja kununua bawaba akasema amina kwa sauti. Wengine wakapiga makofi. Gichuru akacheka, akasema basi hapo hana la kuongeza, fundi ameoa kifua cha chuma. Wote wakanitazama wakingoja niseme kitu. Nikatabasamu, nikasema Mungu ni mwema.

Tukachukua ya mfuko. Gichuru alitupa siku saba za kuibadilisha, mradi mfuko usipasuke na katoni tusiitupe. Siku ya saba ni keshokutwa.

Ilipowashwa mara ya kwanza Kihara alicheza dansi, nakuambia kweli, alicheza na ufagio. Maranda yaliruka kutoka sakafuni yakapotea, na mfuko ukavimba ukasimama kama mtu mnene aliyekuja kutembea. Mashuka ya wapangaji yakawa meupe. Mama Muthoni alileta mandazi kushukuru. Ploti nzima ilifurahi. Mimi nilisimama mlangoni nikatazama ule mwale wa jua unaoingia kwenye tundu la bati, nikaliona lile vumbi la Mzee Kisilu. Lilikuwa linaelea pale, jembamba kama pumzi kwenye kioo, na kila mfuko ulipotetemeka lilizidi.

Nimekuficha jambo moja mpaka hapa. Ukiacha juzi Jumanne, ni zaidi ya mwezi sijakaa kwenye kigoda changu. Nilianza na visingizio vidogovidogo: mara baridi, mara kichwa, mara maharagwe yako motoni. Nashinda kwenye chumba cha kulala na mlango umefungwa, nimelowesha leso nikaisokomeza chini ya mlango. Kupitia ukutani nayajua yote anayoyafanya. Najua akikata mahogani, msumeno unanguruma, na akikata zile mbao za MDF ambazo ni unga tu uliogandishwa kwa gundi, unalia sauti nyembamba. Siku za MDF ndizo mbaya. Chakula chake nampitishia dirishani. Anakula peke yake huko na mimi nakula peke yangu huku, na kati yetu kuna tofali moja. Mluzi siku hizi hausikiki sana.

Wa kuzungumza naye sina. Wanawake wa ploti ni wema, lakini wakikaa pamoja wanarudi kwenye Kikuyu chao, na mimi nangoja wacheke ndipo nicheke. Mama Muthoni aliona ninavyokimbia harufu ya mbao, akahesabu anavyojua yeye, akaanza kuniletea uji na kunitazama tumbo. Nilipomwambia bado, aliuliza taratibu, basi ni nini huko karakana kinachokufukuza, mwanangu? Nikaumaliza uji, nikamrudishia kikombe. Alichukua kikombe chake akaondoka.

Jumanne Kihara alifuta kigoda changu kwa kanga, akakiweka mahali pake, akaja kunichukua kwa mkono. Akasema vumbi limekwisha, ofisi imefunguliwa. Nilikaa. Nilihesabu mbao nne. Kwenye ya tano kifua kikaanza kujifunga kama mlango unaosukumwa na upepo, nikaruka nikasema maziwa yanafurika. Nilipotoka chumbani baadaye, nilimkuta amesimama jikoni. Alikuwa ameweka kiganja juu ya jiko, na jiko lilikuwa baridi. Alirudi kazini, na nilipochungulia, aliweka mkebe wa gundi juu ya kigoda changu.

Jana, tukinywa chai, ndipo aliposema. Alisema bila hasira, akitazama kikombe, kwamba anajua si kila mwanamke anaweza kupenda mume anayenuka mbao, na mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Akasema kuna duka moja la fanicha mjini linalotafuta mtu wa kuuza, mtu wa kuvaa shati safi. Kama hiyo itanirudisha kwake, atafunga karakana na kuuza msumeno. Dada, karakana ile ilikuwa ya baba yake. Msumeno ule aliuundia mota mwenyewe, kipande kwa kipande, miaka miwili. Na yuko tayari kuuacha kwa sababu anafikiri namwonea kinyaa. Mimi! Ninayelala na shati lake la kazi chini ya mto, ingawa linanikohoza!

Basi nisikie sasa, Nzula, na unisamehe ukiweza. Pumu haikuondoka. Siku niliposhuhudia sikusema uongo. Miezi minane ilikuwa kweli, na niliamini kwa moyo wangu wote. Lakini ilirudi, na haikurudi huku Riruta. Ilirudi nyumbani, siku wakwe walipokuja kwetu. Unakumbuka uliponikuta nyuma ya ghala nimeshika nguzo, machozi yananitoka, nikakuambia ni moshi na furaha? Haukuwa moshi. Nilitoka hapo nikapitia dirishani, nikachukua inhela niliyoificha ndani ya kiatu cha shule. Kisha nikasikia ukutani shangazi zake Kihara wakikuuliza wewe kama dada mkubwa, kama kweli msichana amepona. Ukawajibu kwamba umelala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba, na wewe ndiwe shahidi. Ningeweza kuingia. Nilikuwa na nafasi ya kuingia na kusema. Nilifikiria jina la Muujiza, nikakaa kimya, nikakuacha uwe shahidi wa uongo kwa ajili yangu. Sasa inhela iko ndani ya mkebe wa unga wa ugali, na kila nikipika naitoa naipangusa kama mwizi.

Nimejaribu kumwambia. Nafungua mdomo, na mdomo huu ndio ule ule uliosimama kanisani na ukasema Mungu ni mwema Ngara, nao unajifunga. Ninachoogopa si mashine. Naogopa kwamba alimpenda yule wa ushuhuda, na huyu anayekohoa hajawahi kumwona.

Lakini mkono umeweza kuandika ambacho mdomo umeshindwa. Kwa hiyo barua hii siifungi. Kihara ametoka kununua skrubu hapo Naivasha Road, atarudi baada ya nusu saa. Nitaondoa ule mkebe wa gundi, nitaiweka barua juu ya kigoda changu, na inhela nitaiweka juu yake ili upepo usiipeperushe. Kisha nitakaa hapo mlangoni nimngoje. Katoni ya Gichuru nimeshaitoa chini ya kitanda.

Akisema tubadilishe mashine, au akisema nirudi kwetu, utaisikia habari. Lakini kwa vyovyote nitamwomba aikunje barua kwa mikono yake na kumpa Kivuva. Wewe ukiifungua na unga wa mbao ukakumwagikia mapajani, ujue aliisoma kabla yako, na bado akaituma.

Msalimie mwaitu, umwambie namwombea goti. Msalimie baba na mbuzi wake wa kesi. Wabusu watoto kwa niaba yangu, kila mmoja shavu lake.

Namsikia anafungua geti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nzisa