Milaya yetu imetundikwa nyuma mbele

Nyaboth, uko? Nimetoka chuoni kwa mjukuu wangu Akuac na bado siamini.

Ile milaya, shuka ya kitanda tuliyoitarizi kwa nyuzi mimi na wewe kule kambini, ameitundika ukutani. Ati ndiyo mtihani wake. Na ameigeuza. Nyuma ndiyo mbele, mafundo yote nje.

Nikamwambia, "Akuac, unanivua nguo mbele ya walimu?"

"Haboba, tulia. Vitabu vya ubunifu vinasema kazi ionyeshe pale mkono ulipohangaika."

Vitabu, dada. Sisi tulificha, yeye anaanika.

Mwalimu akasimama penye mafundo ya bluu, yale mabaya kabisa. "Huyu alihangaika sana. Ni nani?"

Nikasema, "Bluu ni ya Nyaboth."

Akuac amepita. Kesho mwalimu anataka kukuona, vaa vizuri.