Radi Haikutumwa na Mama Riziki

Nyamitaba, Jumanne, kisha mvua

Neema mujukuu wangu, umekaa Goma mpaka leo mbwa amekubwekea kama mugeni. Hii daftari unaisomaka kila ukija, basi soma na aibu yangu.

Nilikuuliza vile radi iliua ng'ombe wangu chini ya ule muti wa kilimani. Ukasema, "Koko, umeme wa wingu unavunja hewa. Vile vipande vyenye umeme vinaitwa ioni. Vinavutwa, vinagonga hewa ingine, nayo inavunjika, mpaka njia inafunguka."

"Kama ng'ombe zikinusa chumvi katikati ya soko: moja inakimbia, inagonga zingine, nazo zinakimbia."

"Njo vile. Na muti murefu unavuta zaidi."

"Na radi, nani anaituma?"

"Hakuna muntu, Koko."

Mimi njo nilisema kanisani, mbele ya wamama wote, kama jirani yangu Mama Riziki alinitumia radi sababu ng'ombe wangu walikula maharagi yake. Tangu siku ile anakaa peke yake kwenye benchi ya nyuma. Hakuna anayemupa mukono.

Ulipoondoka, nilipeleka maziwa mpaka mulangoni kwake. Nikamusikia akikohoa ndani, nikarudi nayo. Mimi mwenye mudomo mukubwa.

Nilimuchafua mbele ya watu, lazima nimusafishe mbele ya watu. Naogopa.

Ukija tena, njoo Jumapili, upitie kwanza kanisani, uangalie benchi ya nyuma. Usiponikuta nimekaa naye pale, usile chakula changu.