Joto la Kitanda cha Tisa

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, mwanao nimefika mwisho wa akili zangu. Nasomea uuguzi mwaka wa pili, asubuhi niko wodini, mchana darasani, jioni nasomea mtihani huku miguu imevimba, na nikienda nyumbani mama ananipokea kwa vigelegele, "Daktari wetu kaja!", majirani wamejaa sebuleni na magoti yao niyaangalie, hata pa kulilia sina. Wodini tuko wanafunzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne, kipimajoto kizima ni kimoja, na sista msimamizi haulizi mgonjwa anaendeleaje, anauliza kama chati imejaa, kwani tumekaririshwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Basi tukajifunza kuandika. Saa sita unatazama vipimo vya asubuhi, unaongeza hapa, unapunguza pale, sista anasema, "Safi." Wote tunafanya, tunaita kupima kwa kalamu.

Jumatatu saa sita mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja alishikwa na kizunguzungu, akaniomba, "Nishikie vitanda vyangu, nikanywe hata chai." Nikavishika kwa kalamu. Kitanda cha tisa yuko bibi aliyepasuliwa tumbo, huniita mjukuu, akanishika mkono, "Mjukuu wangu, nasikia baridi," nikamvutia shuka, nikaandika thelathini na sita nukta nane, nikapita. Shangazi, ule mkono ulikuwa unaunguza. Jioni akazidiwa, kidonda kimetunga usaha ndani, sasa yuko chumba cha mahututi. Kwenye orodha kitanda hicho ni cha mwenzangu, kwa hiyo Ijumaa anaitwa yeye kamati ya nidhamu. Hajanitaja, maana naye alitoka bila ruhusa. Ananiangalia tu. Nikisema nitafukuzwa na mama atakufa kwa aibu, nisiposema chakula hakipiti. Nifanyeje nitulize mawazo?

Mjukuu wa Kitanda cha Tisa

Marahaba, mjukuu wa watu.

Ujumbe wako umenifikia jana. Nimekupigia mara nne, simu umezima, ndiyo maana nakujibu hapa kwenye safu yangu leo Alhamisi.

Pole, na ninaisema kwa moyo. Wasichana wawili, wagonjwa thelathini na wanne, kipimajoto kimoja! Hayo si mafunzo, ni kukomoana. Huyo sista anayependa chati kuliko wagonjwa nikimpata nitamwambia maneno ambayo mhariri wangu hatayachapa. Na mama yako mwambie majirani wapeleke magoti yao hospitali.

Pole imeishia hapo. Unataka nikufundishe kutuliza mawazo? Sikufundishi ng'o. Wacha yakusumbue, yana haki. Uliigusa homa kwa mkono wako mwenyewe ukaandika haipo. Usiniambie wote mnafanya, wenzako wamepata bahati tu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwendea daktari ukamwambia ile namba ni ya uongo. Hapapo. Umenieleza miguu yako, mama yako, chakula chako. Wanaomtibu bibi wanaamini mpaka saa sita hakuwa na homa, wanauhesabu ugonjwa wake kuanzia jioni. Kila siku unayonyamaza unawadanganya upya.

Vaa sare yako sasa hivi. Anza kwa daktari wake, umwambie, "Niliandika bila kupima, na mkono wake ulikuwa wa moto." Kisha nenda kwa mkuu wa chuo, jina la mwenzako litoke, lako liingie. Ukiwa hapo hapo mtajie idadi ya wagonjwa na hicho kipimajoto kimoja, hata kama atakunja uso. Wanaweza kukufukuza, sikufichi. Mama yako atalia, halafu atanyamaza, hakuna mama aliyekufa kwa aibu ya mwanawe.

Wakikuruhusu, ingia kwa bibi. Usimwombe msamaha leo, hana nguvu za kukubembeleza. Kaa karibu naye, na akikwambia anasikia baridi, mpime.