Chuma Kando ya Sumaku

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na nyingine nimezibakiza zisikuzidishie mzigo kwenye ndege. Vipi afya, na baridi ya huko mkutanoni? Sisi wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi, shemeji yako anakusalimu, nami bado ndiye mtanashati wa mtaa mzima. Waulize wasiosema uongo.

Kilichonishikisha kalamu ni habari za maabara. Yale majibu ya miale ya beta uliyokwenda kuwasomea wakubwa wa dunia yamekataa. Mkuu wetu alikipima upya kile kipande cha madini ya mionzi, akakuta nishati zote zimekwenda upande, kama suruali iliyokatwa na fundi mlevi. Alisema sumaku ndiyo inayopinda njia ya miale, na kwa mpindo huo ndipo tunapojua nishati yake. Basi lazima kuna chuma jirani kinachoiharibu sumaku. Hilo hata mimi fundi wa darasa la saba nalijua! Koili zile, nyaya za sumaku yenyewe, nimezisuka kwa mikono hii, na wa kunifikia hajazaliwa. Mlangoni pale nimewavua watu mikanda na funguo. Mgeni wa wizara nilimvua hata viatu vyenye misumari, akakagua mitambo na soksi iliyotoboka.

Tukatafuta. Mkuu akapiga magoti mwenyewe, akaingiza mkono chini ya pampu ya kunyonya hewa, akatoa jeki ya gari. Akauliza ni ya nani. Nikasema yangu, huku nacheka, maana ndiyo niliyokuazima ubadilishie tairi. Nikajua uliitumia kuegemeza pampu isitikisike, ukaisahau. Haraka za kazi, nani hazijamponza? Nikamwambia akuulize wewe, ueleze mwenyewe.

Akakupigia simu, akaweka spika. Ukamwambia jeki hiyo huijui, na kwamba yule fundi ana mazoea ya kuacha vyuma vyake ovyo.

Yule fundi! Mkuu anajua tumenyonya ziwa moja. Hata yeye aliinamisha macho. Mimi niliyewahi kumchekesha askari wa barabarani mpaka akaniomba radhi, nilianza kukusanya bisibisi zangu. Nimesimamishwa kazi.

Sasa nikwambie usilolijua. Mlinzi wa usiku alikuona ukiingia nayo, na yuko tayari kusema. Nimemsihi anyamaze. Sikuogopi, wala sijasamehe. Bado inaniuma kama jino. Ila akisema yeye, nitarudishiwa kazi tu. Ndugu nitarudishiwa na wewe, ukisimama mbele ya hao hao wanaokupigia makofi useme chuma kile ulikiweka wewe.

Mama ameniuliza mbona nashinda nyumbani. Nimemwambia sumaku imepewa likizo. Amecheka, lakini hajaamini, na uongo mwingine wa kukusitiri sina.

Wasalimie wote wanaokuita daktari. Kula, usikonde.

Ni mimi kaka yako, kama hilo nalo hujalikana.